Kwa Nini Rekoda ya DVD Haikurekodi?

Mwalimu wa historia amepata habari kwamba kipindi kinachohusu somo lake kitaonyeshwa katika televisheni mara moja tu, siku ya Alhamisi, saa mbili usiku. Jioni hiyo ana kikao cha wazazi. Anatia diski mpya katika rekoda ya DVD ya shule, anaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kisha anakwenda zake roho imetulia. Asubuhi ya pili anakuta mojawapo ya mambo mawili: ama diski ni tupu kama ilivyotoka dukani, ama imejaa kioo cha buluu kisicho na picha wala sauti. Rekoda inapelekwa kwa fundi. Fundi anaifungua, anaipima, anairudisha na kusema kwamba haina ubaya wowote. Aghalabu fundi huyo husema kweli.

Rekoda ya DVD ni chombo kitiifu mno. Hurekodi ishara iliyofika katika tundu lililochaguliwa, kuanzia dakika iliyoandikwa, kwa kufuata saa yake yenyewe. Haiulizi kama ishara hiyo ni picha au ni giza, wala haijui kwamba aliyeandika saa mbili alikusudia saa mbili ya usiku. Kwa hiyo makosa mengi hayamo ndani ya chombo bali yamo katika viungo: pale chombo kimoja kinapoungana na kingine, na pale desturi ya watu ya kuhesabu saa inapokutana na desturi ya mashine. Makala haya yanaeleza viungo hivyo na namna ya kuvichunguza kwa utaratibu. Mwanafunzi wa fizikia atatambua kwamba utaratibu huo ni ule ule utumikao maabarani.

Chombo chenyewe

Watengenezaji walikubaliana juu ya mfumo wa DVD mwaka 1995, na mashine za kwanza za kuchezesha diski hizo ziliuzwa nchini Japani mwaka 1996. Mashine hizo ziliweza kusoma tu. Rekoda ya kwanza ya nyumbani iliuzwa na kampuni ya Pioneer, huko huko Japani, mwishoni mwa mwaka 1999. Diski yenyewe ina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Mwanga mwekundu wa leza, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, huandika alama ndogo sana katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, mfano wa kamba iliyoviringishwa sakafuni. Umbali kati ya mzunguko mmoja na wa pili ni maikromita 0.74 tu.

Diski ya tabaka moja huchukua takriban baiti bilioni 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Idadi hiyo huonekana kubwa mpaka ilinganishwe na mahitaji ya picha. Picha ya televisheni ya mfumo wa kawaida uliotumika Afrika Mashariki, ikiisha kugeuzwa kuwa tarakimu, huwa na nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, na kila sekunde huonyeshwa picha 25. Endapo kila nukta itaandikwa kwa biti 16, sekunde moja itahitaji biti milioni 165.9. Kwa kipimo hicho diski nzima ingejaa kabla ya dakika nne kwisha, hata bila kuhesabu sauti.

Kwa sababu hiyo rekoda hubana picha kabla ya kuiandika, kwa kanuni iitwayo MPEG-2. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya picha haibadiliki kutoka nukta ya wakati moja hadi nyingine. Msomaji wa habari akiketi mbele ya ukuta, hakuna haja ya kuuandika ukuta upya mara 25 kwa sekunde. Yatosha kuandika yale yaliyobadilika. Hivyo diski ile ile huweza kuchukua saa mbili kwa kutumia takriban biti milioni 5.2 kwa sekunde. Rekoda nyingi humpa mtumiaji uchaguzi: saa moja kwa picha bora kabisa, saa mbili kwa picha ya kawaida, saa nne kwa picha hafifu zaidi, na hata saa sita au nane. Hesabu ya kugawanya haikwepeki. Anayeongeza saa hupunguza biti za kila sekunde, na mbio za wanariadha au maji yanayotiririka ndivyo vitu vya kwanza kuonekana vimekatika katika miraba midogo.

Njia ya ishara

Nyuma ya rekoda kuna matundu mengi, lakini yote yamo katika makundi mawili: ya kuingizia, yenye alama ya IN, na ya kutolea, yenye alama ya OUT. Waya hutoka daima kwenye OUT ya chombo kimoja na kuingia katika IN ya chombo kinachofuata. Kanuni hii ni nyepesi, ilhali kuivunja ndiko kosa la kwanza kwa wingi. Waya ulioingizwa OUT kwa OUT hukaa vizuri kabisa katika matundu yake, usipitishe kitu.

Waya wa kawaida una vichwa vitatu. Cha njano hubeba picha. Cheupe hubeba sauti ya kushoto na chekundu sauti ya kulia. Kila dalili ina maana yake. Picha ikionekana bila sauti, waya wa njano ni mzima na uchunguzi uanzie kwenye ule mweupe na mwekundu. Sauti ikitoka upande mmoja tu, kichwa kimoja kimechomoka. Kioo kikiwa cheusi na kipaza sauti kikitoa mngurumo mkali, yamkini kichwa cha njano kimeingizwa katika tundu la sauti, na televisheni inajaribu kuisikiliza picha.

Picha isiyo na rangi yahitaji maelezo zaidi. Ishara ya picha ina sehemu mbili: moja hueleza mwanga na giza, nyingine hueleza rangi. Katika waya wa njano sehemu hizo husafiri pamoja. Katika baadhi ya matundu mengine hutenganishwa: tundu dogo lenye pini nne hubeba mwanga katika pini moja na rangi katika nyingine, na kundi la matundu ya kijani, buluu na nyekundu hupitisha mwanga katika lile la kijani. Mtu akichomeka waya wa njano katika tundu la kijani bila kuibadilisha televisheni ipasavyo, chombo kitachukua mwanga na kuiacha rangi. Picha ya kijivu huonekana, na watu husema kioo kimechoka.

Kuna mtego mwingine uliowanasa waliozoea deki za kanda. Deki ya zamani ilikuwa na kitengo cha kugeuza picha ya kanda kuwa mawimbi ya redio, yakapita katika waya wa antena, na televisheni ikayapokea kama stesheni mojawapo. Kwa hiyo waya mmoja wa antena ulitosha. Katika rekoda nyingi za DVD kitengo hicho hakimo. Tundu lake la antena la kutolea hupitisha tu mawimbi yaliyotoka juu ya paa, bila kuongeza picha ya diski. Mwenye rekoda anaweza kutafuta stesheni usiku kucha asiione diski yake. Hapana budi aunganishe waya wa njano, mweupe na mwekundu, au waya mwingine wa picha, kisha achague tundu hilo kwa rimoti ya televisheni.

Hali kadhalika tundu la HDMI nyuma ya rekoda za nyumbani za kawaida ni la kutolea tu. Hupeleka picha kwenye televisheni. Halipokei picha kutoka kwenye king'amuzi.

Kutafuta hitilafu kwa kugawa njia

Mtu aliyekosa subira huchomoa nyaya zote kwa pamoja, akazirudisha upya, akabonyeza vitufe vyote vya rimoti. Hata akifanikiwa hajui ni kipi kilichoponya, na kesho ataanza upya. Kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika lililotokea.

Kanuni ya pili ni kuigawa njia ya ishara. Chukua mfano wa kawaida: king'amuzi kimeunganishwa na rekoda, na rekoda imeunganishwa na televisheni. Kioo ni cha buluu. Jaribio la kwanza: diski nzima iliyokwisha kurekodiwa itiwe katika rekoda na kuchezeshwa. Ikionekana, basi sehemu yote ya njia kutoka rekoda hadi televisheni ni salama, na hakuna sababu ya kuigusa. Jaribio la pili: waya wa king'amuzi uchomolewe nyuma ya rekoda na kuchomekwa moja kwa moja katika televisheni. Picha ikija, king'amuzi ni kizima na waya wake ni mzima. Kwa majaribio mawili kosa limebanwa mahali pamoja tu, yaani katika tundu la kuingizia la rekoda: ama tundu si lile lililochaguliwa, ama limelegea.

Katika visa vingi kosa huwa ni uchaguzi. Matundu ya kuingizia huandikwa L1, L2 au AV1, AV2, na aghalabu moja liko mbele, nyuma ya kifuniko kidogo. Waya uko L1, rekoda inasikiliza L2. Hakuna kilichoharibika, ni sawa na mtu anayesubiri mgeni katika mlango wa mbele, na mgeni anabisha mlango wa uani.

Nguvu ya utaratibu huu huonekana njia inapokuwa ndefu. Endapo kuna viungo vinane vinavyotiliwa shaka, mtu anayevipima kimoja kimoja anaweza kuhitaji majaribio saba. Anayegawa njia nusu kwa nusu hubakiwa na vinne baada ya jaribio la kwanza, viwili baada ya la pili, na kimoja baada ya la tatu. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara tatu ni 8. Viungo kumi na sita huhitaji majaribio manne tu.

Waya wenyewe waweza kupimwa kwa mita ya ukinzani, baada ya kuchomolewa pande zote mbili. Kutoka pini ya katikati ya upande mmoja hadi pini ya katikati ya upande wa pili, ukinzani uwe karibu na sifuri. Vinginevyo waya umekatika ndani. Kutoka pini ya katikati hadi pete ya nje, mita isionyeshe mkondo wowote. Ikionyesha, nyuzi zimegusana. Mita ikichezacheza waya unapopindwa karibu na kichwa, kosa limepatikana.

Kasoro moja zaidi yafaa itajwe kwa sababu huhusu usalama. Mvumo mzito katika sauti, ukifuatana na mstari mpana unaopanda au kushuka taratibu katika picha, mara nyingi hutokana na umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya vyombo viwili vilivyoungwa ardhini mahali tofauti. Dawa ya kwanza ni kuvichomeka vyombo vyote katika ubao mmoja wa soketi. Kukata waya wa ardhini ili kuondoa mvumo ni hatari ya maisha, na kusifanywe kamwe.

Tangu analojia ilipozimwa

Rekoda nyingi zilizonunuliwa katika miaka ya 2000 zina kipokezi chake cha stesheni. Kipokezi hicho kilitengenezwa kwa matangazo ya analojia. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo hayo katika nchi nyingi za Ulaya na Afrika. Tanzania ilianza kuzima mitambo yake tarehe 31 Desemba 2012 kwa kuanzia Dar es Salaam, na Kenya ilizima ya kwake mwaka 2015. Kuanzia hapo kipokezi cha ndani ya rekoda kilibaki bila kazi, kwa kuwa hakielewi ishara za kidijiti.

Badiliko hili liligeuza maana ya kurekodi kwa wakati uliopangwa. Zamani rekoda iliamka yenyewe, ikachagua stesheni namba tano, ikarekodi. Sasa stesheni huchaguliwa na king'amuzi, na rekoda haina uwezo wa kukiwasha wala kukibadilisha. Kwa hiyo katika orodha ya mpango pasiandikwe namba ya stesheni, bali liandikwe tundu ambamo king'amuzi kimechomekwa, mathalani L1. King'amuzi chenyewe kiachwe kikiwaka, katika stesheni inayotakiwa, tangu kabla ya kipindi hadi mwisho wake. Yafaa pia kutazama katika menyu yake, kwa maana baadhi ya ving'amuzi hujizima vyenyewe visipobonyezwa kwa saa kadhaa. Hapo ndipo panapozaliwa kile kioo cha buluu cha saa nzima: rekoda ilitimiza kazi yake, king'amuzi kilikuwa kimelala.

Saa ya mashine na saa ya Kiswahili

Kosa jingine halimo katika waya wowote. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, na tena jioni linapokuchwa. Saa ya rekoda huanza kuhesabu katikati ya usiku, na huenda hadi 23:59 bila kurudi nyuma. Mtu akiandika 2:00 kwa kukusudia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, rekoda itaamka saa nane usiku, watu wakiwa usingizini.

Kanuni za kubadili ni tatu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 10 alasiri ni 16:00. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00, saa 3 na nusu usiku ni 21:30. Saa 6 usiku ni 00:00, na hapo tarehe hubadilika. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6: saa 8 usiku ni 02:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Rekoda inayotumia saa 12 badala ya 24 huongeza alama ya AM kwa muda wa kutoka katikati ya usiku hadi adhuhuri, na PM kwa muda uliobaki. Saa 6 usiku huwa 12:00 AM, na saa 6 mchana huwa 12:00 PM.

Tarehe huleta utata mkubwa kuliko saa. Katika mazungumzo, usiku wote hadi alfajiri huweza kuitwa usiku wa siku iliyopita. Mashine haikubali. Mfano mzuri ni mchezo wa Uingereza na Italia katika Kombe la Dunia la mwaka 2014. Huko Manaus, nchini Brazili, mchezo ulianza jioni ya Jumamosi, tarehe 14 Juni. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa saba usiku, yaani 01:00, na kalenda ilikwisha kuwa Jumapili tarehe 15. Aliyeandika 01:00 ya tarehe 14 alikuwa ameiagiza rekoda irekodi mchezo uliosalia saa 24 kabla ya kuchezwa. Maneno ya wazee, usiku wa kuamkia Jumapili, yanaeleza tarehe ya mashine kwa usahihi zaidi kuliko usiku wa Jumamosi.

Saa ya rekoda yenyewe lazima iwe sahihi. Baadhi ya rekoda zilijirekebisha kwa kusoma saa iliyobebwa na matangazo ya analojia. Matangazo hayo yalipokoma, marekebisho nayo yalikoma, na mtumiaji hana budi kuiweka saa kwa mkono na kuizima ile ya kujirekebisha. Saa nyingi za elektroniki huongozwa na kipande cha kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Ikiwa kuna kosa la sehemu 20 tu katika milioni, saa itapotea kwa sekunde 1.7 kila siku, yaani karibu dakika moja kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya dakika kumi, ambazo zatosha kukata mwanzo wa kipindi.

Umeme ukikatika, rekoda nyingi hutunza saa kwa muda mfupi tu, na nyingine hazitunzi kabisa. Saa inayowakawaka kwa sifuri ni tangazo kwamba mpango wote umefutika au hautafuatwa. Desturi njema ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku ili kulinda vyombo huleta matokeo yale yale. Na katika nyumba inayotumia umeme wa kulipia kabla, uniti zikiisha saa moja usiku, hakuna kipindi cha saa mbili. Rekoda iliyopangiwa kazi izimwe kwa kitufe chake chenyewe, ibaki ikisubiri, na umeme uendelee kuifikia. Katika aina nyingi, alama ndogo ya saa huwaka mbele ya chombo kuonyesha kwamba mpango umekubaliwa. Alama hiyo ikiwakawaka badala ya kutulia, aghalabu kuna kitu kilichopungua, na mara nyingi kitu hicho ni diski.

Diski na nafasi yake

Kipindi cha saa tatu hakiingii katika diski iliyowekewa kipimo cha saa mbili. Rekoda itarekodi saa mbili na kukoma, hata kama jambo lenyewe lilikuwa katika saa ya tatu. Hesabu ifanywe kabla: urefu wa kipindi, pamoja na dakika mbili au tatu kabla ya kuanza na kumi baada ya mwisho, kwa kuwa vituo vya televisheni havifuati ratiba kwa sekunde. Vipindi viwili vikifuatana, dakika hizo za akiba za cha kwanza zisiingie katika muda wa cha pili, maana rekoda moja haiwezi kufuata maagizo mawili kwa pamoja.

Diski za DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja. Leza hubadilisha rangi maalumu iliyo ndani yake, na rangi ikibadilika hairudi. Diski za DVD-RW na DVD+RW zina mchanganyiko wa metali unaoweza kugeuzwa hali na kurudishwa, kwa hiyo huandikwa na kufutwa takriban mara elfu moja. Si kila rekoda hukubali aina zote. Orodha imo katika kitabu cha maelekezo, na mara nyingi pia katika kifuniko cha mbele.

Hata kazi ikiwa imerekodiwa vizuri, imebaki hatua moja isahaulikayo kuliko zote, nayo ni kuifunga diski. DVD-R ambayo haijafungwa ni kama kitabu kisicho na jalada wala orodha ya yaliyomo. Rekoda iliyoiandika inajua kurasa zilipo. Mashine nyingine haijui, na husema kwamba diski ni mbovu. Katika menyu ya rekoda kuna agizo la kufunga, ambalo huandika orodha hiyo na kuikamilisha diski. Lichukue dakika zake, na umeme usikatwe kazi hiyo ikiendelea. Diski iliyofungwa haiongezwi tena kitu. Wapo waliotupa diski nzima kwa kudhani zimeharibika, na huku rekoda iliyoziandika imekwisha kuuzwa.

Kazi isiyongoja

Huenda ikaulizwa kama ujuzi huu bado una faida, kwa vile rekoda za DVD zimeadimika madukani. Jibu limo katika makabati. Mfumo wa kanda za VHS ulianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1976, na kwa miaka mingi harusi, mahafali, hotuba na ngoma za shule zilirekodiwa katika kanda hizo. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha mwezi Julai 2016. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu, hasa katika miji ya pwani, hudhoofisha gundi na kuotesha ukungu. Kila mwaka kanda huzidi kuchakaa, na deki za kuzichezesha huzidi kupungua.

Rekoda ya DVD ni mojawapo ya njia rahisi za kuokoa kumbukumbu hizo: deki huunganishwa na L1 kwa waya wa rangi tatu, kanda huchezeshwa, rekoda huandika. Lakini kanda iliyodhoofu huenda ikakubali kuchezeshwa mara moja tu. Kwa hiyo njia yote ijaribiwe kwanza kwa kanda isiyo na thamani: picha, sauti za pande zote mbili, nafasi ya diski, kufungwa kwake, na kuchezeshwa kwake katika mashine nyingine. Ndipo kanda ya harusi itiwe. Baadaye diski ihifadhiwe gizani, na nakala nyingine iwekwe katika kompyuta, kwa sababu rangi ya diski nayo haiishi milele. Yafaa kujulikana pia kwamba filamu nyingi za kuuzwa zina kinga dhidi ya kunakiliwa. Rekoda ikikataa kuzirekodi si hitilafu, na sheria ya hakimiliki hulinda kazi hizo.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kutumia rekoda moja, televisheni, deki au king'amuzi, na nyaya mbili au tatu. Kundi la kwanza la wanafunzi liweke kosa moja kwa siri: kubadilisha vichwa viwili, kuchagua tundu lisilo lake, kutumia waya uliokatika, au kusogeza saa mbele kwa saa sita. Kundi la pili lilitafute, likiandika kila jaribio katika safu tatu: lililobadilishwa, lililotazamiwa, lililotokea. Kundi lililotumia majaribio machache ndilo lililoshinda, hata kama lilichukua dakika nyingi. Mwishoni wanafunzi wakokotoe: kipindi cha dakika 150 chahitaji biti milioni ngapi kwa sekunde ili kienee katika diski moja ya baiti bilioni 4.7? Jibu ni takriban milioni 4.2, pamoja na sauti.

Mwalimu wa historia aliyetajwa mwanzoni hakuhitaji fundi. Alihitaji kuandika 20:00 badala ya 2:00, kuandika L1 badala ya namba ya stesheni, kukiacha king'amuzi kikiwaka, na kurekodi dakika tano za majaribio mchana wa siku ile ile. Dakika hizo tano zingemwonyesha kosa wakati bado linaweza kusahihishwa, na Jumatatu wanafunzi wake wangekiona kipindi.